Goti langu la kushoto na kazi ya kukimbiza wageni Diani

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mwenyewe, na goti ni shahidi.

Mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Diani, mtu wa bara, Bonde la Ufa kwa wanariadha. Ukilitaja Bonde la Ufa huku, watu wanakutazama miguu.

Meneja aliitazama yangu, kesho yake nikawa kiongozi wa mbio za wageni. Hakuuliza kama nimewahi kukimbia. Shuleni nilikuwa golikipa.

Sikukataa. Afadhali kukimbia na wageni kuliko kubeba masanduku yao.

Kila asubuhi tulikimbia ufukweni kuelekea kusini, kisha gari la hoteli likaturudisha tuwahi breakfast. Mbio za kwenda tu! Nilijiona mjanja.

Haukupita muda, goti la kushoto likaanza kuuma upande wa nje. Ngazi nikawa nashuka kwa kushika ukuta.

Nikaendelea kukimbia hivyo hivyo. Nikisema, narudi kwenye masanduku.

Mwanasha wa jikoni ndiye aliyenifokea: "We Kiprono, mbona watembea kama kaa? Nenda hospitali kabla hujatambaa!"

Nikaenda hospitali ya Msambweni. Physio, yule mtaalamu wa viungo, akalibonyeza goti, akauliza nakimbilia wapi. Nikamweleza.

"Maji yakiwa yamejaa au yametoka?"

"Yoyote, dada. Sisi twafuata breakfast."

Akacheka. "Basi kaka, wewe wakimbia juu ya paa."

Niwaeleze polepole, wakuu. Maji yakijaa, unabaki na mchanga wa juu, ulioinama kuelekea baharini. Ukienda kusini, bahari iko kushoto, kwa hiyo mguu wa kushoto uko chini kila hatua, na goti linavutwa. Anayerudi kwa miguu angalau hubadilisha upande. Mimi narudi kwa gari.

Akaniamuru nipumzike mbio, nifanye mazoezi ya nyonga, na nikirudi nikimbie maji yakitoka, mchanga ukiwa bapa.

Nikamwambia meneja. "Kumbe hata nyinyi mnaumwa magoti?" Alisikitika kama aliyeuziwa simu feki.

Kwa muda nikawaongoza wageni kutembea tu, huku nikingoja kurudishwa kwenye masanduku.

Siku ya tatu mama mmoja mgeni akanishika mkono: "Asante. Magoti yalikuwa yananiua, niliona haya kukwambia wewe."

Wenzake wote wakaitikia.

Sasa matembezi yana watu wengi kuliko mbio, na kazi bado ninayo.

Wakuu, goti halijui umezaliwa wapi. Likiuma, sema mapema. Nani mwingine anashuka ngazi kwa kushika ukuta? Jitokezeni, hapa hatuchekani.