Wasifu wa Mfungaji Aliye Hai

Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2014, mwalimu wetu wa Kiingereza pale Liverpool alitugawia makala ya gazeti na swali moja: je, mfungaji huyu wa mpira wa magongo wa barafuni anastahili kuwekwa miongoni mwa wachezaji wakuu wa nyakati zote? Hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mwaka. Atakayefaulu angeingia kozi ya kuhudumia wazee mwezi wa Februari. Atakayeshindwa angerudia darasa. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nilijifunza kusoma nikiwa na hamsini na mbili, wala sikuwa na mwaka wa kurudia.

Barafu niliijua ya kwenye friji. Nilisoma makala mara nne. Upande mmoja ulimtukuza mtu huyo kwa mabao yake. Upande wa pili ulimnyima ukuu kwa kuwa timu yake haikuwahi kutwaa kombe. Sikuelewa watu wazima wanagombania nini.

Nikafanya nililolijua. Kwetu, mtu hupimwa siku moja tu, wasifu wake unaposomwa mbele ya jeneza. Wa marehemu mume wangu, aliyefariki Alhamisi tarehe 12 Machi 2009, ulisomwa na shemeji yangu. Alisema tulifunga ndoa mwaka 1981. Tulifunga mwaka 1979. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, nami sikujua kusoma, nilinyamaza. Tangu hapo sijamwachia mtu mwingine tarehe zangu.

Basi nilimwandikia mfungaji wasifu kamili: alikozaliwa, alikosoma, timu aliyoitumikia, na familia yake. Sikukosea tarehe hata moja.

Jumatatu iliyofuata mwalimu aliniita mezani kwake, uso umemwiva kwa huruma.

"Pole sana. Sikuwa na habari. Amefariki lini?"

"Nani, Mwalimu?"

"Mchezaji huyu."

"Yu mzima! Juzi amefunga mawili."

Alinitazama, akaitazama karatasi. "Umeandika vizuri. Lakini hujajibu. Ni mkuu, au si mkuu? Chagua upande, uniletee Ijumaa."

Mimi si mtu wa kurudishiwa kazi. Nilirudi kwenye kiti changu masikio yakiwaka moto. Jirani yangu wa darasani, mama mmoja wa Bukavu, alicheka hadi akashika meza.

"Mama, weye umezika mutu muzima!"

"Nicheke basi. Wewe umeandika nini?"

"Nimeandika ndiyo. Ule mutu hatakuja hapa Liverpool kukuuliza."

Nyumbani nilimuuliza binti yangu, ambaye ni muuguzi. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mkuu ni mwenye makombe. Akaenda kulala.

Nilibaki na kalamu. Ningeandika "si mkuu", mwalimu angeridhika vilevile. Alitaka upande tu. Lakini kila nilipoanza sentensi ile ya kombe, nilimwona mume wangu. Aliendesha lori miaka ishirini na miwili. Hakupoteza mzigo, hakugonga mtu, na hakuna aliyempa hata kikombe cha bati. Kama kombe ndilo kipimo, nami nikilikubali kwa mkono wangu mwenyewe, nitakuwa nimesema nini juu yake?

Nikaandika "ndiyo". Nikaongeza sentensi moja: kwamba namfahamu dereva wa lori, aliyeoa mwaka 1979, ambaye naye hakuwa na kombe.

Ijumaa, tarehe 21 Novemba, nikaikabidhi kazi. Iliporudi, pembeni mwa sentensi hiyo palikuwa na alama kubwa ya kuuliza kwa wino mwekundu. Chini kabisa: umefaulu.

Februari niliingia kozi. Sijui hadi leo kama nilifaulu kwa sababu ya dereva wangu au mwalimu alimsamehe tu. Sikumuuliza. Mwaka wa ndoa hakuugusa.