Msiba wa Dakika za Mwisho

Pale kijiweni kwetu Chang'ombe, goli linaloingia kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya themanini na tano linaitwa goli. Linaloingia baada ya hapo linaitwa msiba, na msiba una taratibu zake.

Waliofungwa hutandikiwa mkeka kando ya meza ya muuza kahawa, kesho yake jioni, na wanatakiwa waje wakae, siyo kujifungia ndani na kusingizia mafua. Watani, yaani mashabiki wa timu ile nyingine, huja mmoja mmoja kutoa pole. Mama muuza mihogo hujitanda kanga kichwani na kulia kwa sauti. Kisha anakuja kinyozi. Huyo ndiye mkuu wa watani, na hajawahi kumwacha mtu afiwe kwa amani. Huinama, huushika mkono wa mfiwa kwa mikono yake miwili, na kuuliza kwa huruma nyingi:

"Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Hapana," mfiwa hutakiwa kujibu. Asipojibu ataulizwa tena, kwa sauti ya juu zaidi.

"Kwa hiyo ni ghafla?"

"Ghafla. Mpaka dakika ya tisini alikuwa mzima, anaongea."

"Tena alikuwa anaongea sana," kinyozi husema, anafuta machozi ambayo hayapo, anaagiza kahawa.

Mimi na baba yangu tumeukalia mkeka ule mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina darasa zima la watoto wanaonyamaza nikikohoa tu, lakini hilo halikunisaidia lolote mbele ya kinyozi. Baba alikuwa mstaafu wa kiwandani, na yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mpira nikiwa bado nabebwa mabegani. Mama alikuwa akitutazama tunavyorudi nyumbani tumenuna na kusema kwamba hajui alikosea wapi, maana alimzaa mtoto wa kike akategemea msaada.

Halafu baba akaanguka.

Tulikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaa wa pili, kile chumba cha mabati ambako tunalipa kiingilio na kubanana kwenye viti vya plastiki mbele ya televisheni moja. Tulikuwa tunaongoza. Dakika za nyongeza zilikuwa zimebaki mbili, wapinzani wakapata kona, mpira ukaingia, na baba akateleza kutoka kwenye kiti taratibu, kama gunia lililokatwa kamba. Pale zahanati nesi alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama namba, akashtuka. "Mzee, ilianzaje?" akamuuliza. Baba akafungua jicho moja na kujibu neno moja tu.

"Kona."

Presha ilikuwa juu sana. Mama aliposikia, hakulia. Alisubiri baba apate nafuu, akatuita sebuleni sote wawili na kutoa sheria. Mpira hakuukataza, maana alijua baba angekufa kwa kunyimwa kabla hajafa kwa kuangalia. Ila alininyooshea kidole mimi.

"Dakika ya themanini, unamtoa na kumleta hapa. Si ya themanini na moja. Akinifia huko kwenye mabati, wewe ndiye utakayewaeleza ndugu zake."

Basi kwa misimu miwili nikawa askari wa baba yangu. Dakika ya themanini nasimama, naye anasimama, na kibanda kizima kinatuimbia wimbo wa kusindikiza jeneza. Tunatoka, tunapita nyumba nne, tunaingia sebuleni. Redio mama alikuwa ameificha, na mpaka leo sijui wapi. Kwa hiyo dakika kumi zile tulizisikiliza kwa masikio ya dirishani. Kelele zikitoka upande wa gereji, wanakokaa wenzetu, tumefunga sisi. Zikitoka upande wa msikiti, wamefunga wao. Na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba, vidole vyangu kwenye kifundo, nikihesabu mapigo ya moyo kama nesi alivyonifundisha. Nilijifanya nashika tu, mtoto na baba yake. Baba naye alijifanya hajui.

Niseme ukweli: nilikuwa naumia. Hakuna aliyekumbuka kwamba askari naye ni shabiki. Misimu miwili sikuona mwisho wa mechi hata moja.

Jambo lililoharibu mambo lilikuwa mjadala. Jumapili moja kijiweni, timu yetu ikiwa imetoka sare kwa goli la dakika ya tisini na moja, muuza kahawa akauliza huku akimimina: ni goli lipi la mwisho linalouma kuliko yote? Hapo hapo watu wakaacha hata kutafuna kashata.

Yeye mwenyewe alisema linalouma ni lile la mkiwa sifuri kwa sifuri, kwa sababu umekaa saa nzima na nusu hujapata raha yoyote, halafu unaondoka na hasara. Mama muuza mihogo akabisha. "Wee! Linalouma ni lile mshaanza kuimba. Mdomo uko wazi, wimbo uko katikati, goli hilo. Sasa ule wimbo unaupeleka wapi?" Fundi wa pikipiki akasema yeye huumia zaidi mfungaji akiwa mchezaji waliyemzomea tangu mwanzo, maana hapo mtu anajiona kabisa ndiye aliyemchokoza.

Baba akaweka kikombe chini. Kwa desturi alikuwa wa mwisho kusema, na akishasema mjadala umekwisha. Akakohoa kidogo. "Sasa nyie sikilizeni. Goli linalouma..."

"Mzee wangu, shikamoo," kinyozi akamkatiza, kwa adabu ya kuudhi. "Usinielewe vibaya, mzee wangu. Lakini kwenye hili wewe unaongea kama nani? Misiba yote ya miaka hii wewe hukuzika. Sie tulizika. Wewe uliletewaga taarifa nyumbani."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nikajuta kabla kicheko hakijaisha, kwa sababu baba hakujibu. Baba ambaye aliwahi kumjibu mkaguzi wa kiwanda kwa mafumbo mpaka mkaguzi akasahau alichofuata. Alimaliza kahawa yake, akaaga vizuri, akarudi nyumbani. Usiku huo aliacha chakula. Jumapili iliyofuata alisema magoti yanamuuma, hakwenda kijiweni. Iliyofuata, hivyo hivyo. Alikaa uani akipanga viatu vya watu wote wa nyumbani, viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilimtazama nikaona presha haikumzeesha kama lile neno la kinyozi.

Mechi ya watani ilipokaribia, timu yetu dhidi ya yao, mama akapata mwaliko wa maulidi kwa dada yake Ukonga, siku hiyo hiyo. Alipokuwa akivaa baibui alinikumbusha dakika yangu. Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Nadhani nilimaanisha. Baba alikuwa nyuma yake, anatafuna kitunguu saumu kibichi, punje ya tatu, na kunitazama kwa macho ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kuogelea.

Njiani akaniambia, "Mama, leo niache nizike na watu." Hivyo ndivyo anavyoniitaga, mama. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu, chakula kilikataa kupita. Nilijua nikimtoa, hatorudi tena kijiweni. Nikimwacha akaanguka, nitakuwa nimemuua baba yangu kwa mpira.

Mpira ukaanza saa kumi na moja jioni. Dakika ya thelathini tukafunga. Kinyozi, aliyekaa mstari wa mbele yetu, akageuka kunipa mkono wa pongezi, akaongeza, "Furahi, ticha. Dakika ya themanini si unaondokaga?"

Dakika ya themanini ikafika. Miguu yangu ikasimama yenyewe kwa mazoea. Kibanda kikaanza kuimba wimbo wa jeneza. Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, akatikisa kichwa mara moja tu. Nikakaa. Wimbo ukafia njiani, na mtu nyuma yetu akasema, "Mungu wangu, leo mzee anazika."

Sijui nieleze vipi dakika zile. Nilikuwa nimesahau kwamba saa ya mechi huwa inasimama. Tunaongoza moja bila, na kila nikitazama pembeni ya kioo namba ni ile ile. Nikaushika mkono wa baba nihesabu, nikapotea kwenye hesabu, nikaanza upya. Wakaongeza dakika tano. Mabeki wetu wakakumbuka kwao. Dakika ya nne kati ya tano, mpira ukamgonga beki goti, ukatoka nje.

Kona.

Sikuutazama mpira. Nilimtazama baba. Nilisikia kiti kinaanguka, nikasikia nusu ya kibanda inapasuka kwa furaha, nikajua. Baba alikuwa bado amekaa wima. Alivuta pumzi, akaitoa, na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Beki wa kushoto. Nilisema tangu kipindi cha kwanza." Nikamwona mzima. Nikataka kumkumbatia. Nikasimama, mabati yakageuka yakawa chini na sakafu ikawa juu, na hapo ndipo kumbukumbu yangu ya mechi ile inapoishia.

Aliyeanguka ni mimi.

Nilizinduka kwenye benchi la zahanati, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya baba. Aliyenibeba, nilikuja kuambiwa, ni kinyozi, goli lao likiwa halijatimiza hata dakika; hakulisherehekea kabisa, na mpaka leo analidai. Nesi alikuwa yule yule. Akanifunga kitambaa, akamtazama baba, akanitazama mimi. "Na huyu, ilianzaje?"

Baba akajaribu kuwa na huzuni. Akashindwa. Mabega yake yakaanza kutikisika kabla ya mdomo.

"Kona," akasema.

Nesi akasema sina ugonjwa, nina njaa. Akampima na baba kwa kuwa yupo, akakuta presha nzuri kuliko siku zote. Mama alipofika akitokea Ukonga, na wali wa maulidi kwenye mfuko, alitukuta hivyo, mgonjwa anacheka na mzima amelala kwenye benchi. Hakuuliza dakika ngapi. Alijua. Alinilisha wali kwa mkono wake, kila tonge limejaa hasira.

Kesho yake mkeka ulitandikwa, na baba alikuwa wa kwanza kukaa. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Mama muuza mihogo akalia. Kinyozi akainama, akaushika mkono wa baba. "Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Ghafla," baba akasema. "Nilikuwepo. Nimemfumba macho mimi mwenyewe."

Kijiwe kikalipuka. Kinyozi akakaa chini kabisa, kwenye mkeka wa wafiwa, jambo ambalo watani hawafanyi. "Haya mzee wangu. Sasa sema. Lipi linauma?"

Baba hakuwa na haraka. Alikunywa kahawa kwanza. "Linalouma si goli," akasema. "Dakika ya themanini na tisa nilikuwa nimeshakuandalia maneno. Matamu. Niliyaandaa wiki nzima nikipanga viatu. Sasa niko nayo hapa tumboni, na siwezi kukwambia mpaka mechi ijayo. Hayo ndiyo yanayouma." Hakuna aliyebisha. Mimi nilipotaka kuongeza langu, kinyozi akaninyooshea kidole: "Ticha, wewe kaa kimya. Ulizimia, hukuzika."

Mama naye alibadilisha sheria. "Wewe baki mpaka mwisho," alimwambia baba. "Kama lile halikukuua, mpira haukuwezi tena. Ila huyu," akaninyooshea kidole kile kile, "dakika ya themanini unamtoa na kumleta hapa."

Nilibisha. Nilisema nilikuwa na njaa tu, nesi kasema. Mama hakunisikiliza, na baba alicheka mpaka akakohoa.

Mechi iliyofuata tulikuwa sare ya moja moja. Dakika ya themanini baba akasimama, akaninyooshea mkono. Kibanda kikaanza kuimba, safari hii jeneza likiwa langu. Tulipita nyumba nne, tukaingia sebuleni, nikakaa kwenye kochi.

"Haya umenifikisha," nikamwambia. "Rudi, baba. Bado dakika nane. Watasema tena hukuzika."

"Waseme," akajibu, akakaa pembeni yangu. Akaushika mkono wangu. Nilidhani ni mambo ya baba na mtoto, mpaka nilipohisi vidole viwili vinatafuta mahali kwenye kifundo, vinapapasa, vinatulia.

Mama alikuwa jikoni. Nje mtaa ulikuwa kimya. Kisha kelele zikapasuka upande wa msikiti, kelele za kweli, za goli la mwisho, na nikamgeukia baba nimwone uso. Hakuinua kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti, anahesabu.