Mawese Ndani ya Pont

Ukungu wa Butembo bado umelalia mabati, na Maliro amekwisha kujilaza chali juu ya kipande cha katoni, chini ya pikapu. Ukipita barabarani unaona miguu yake tu.

Anaanza na kizibo cha juu. Kubadilisha oili ya difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo mafundi wa hapa huliita pont, ni kazi inayoanzia pale oili inapoingilia, siyo pale inapotokea. Ukimwaga kwanza, halafu kizibo cha juu kikagoma, gari limekufa mikononi mwako. Fundi huyu wa miaka hamsini na miwili hajawahi kukosea utaratibu huo.

Kizibo kinalegea. Anaingiza kidole kwenye tundu, anakitoa, anakitazama. Kimerudi na kitu kilichoganda, rangi ya chungwa. Anakinusa. Halafu anacheka peke yake huko chini, kicheko kifupi cha mtu asiyezoea tena kucheka.

"Ni mawese," anasema. "Mutu ametia mawese mu pont."

Gereji yake ipo kando ya barabara ya kwenda Beni, huku mashariki mwa Kongo, na nyuma yake kuna nyumba ya vyumba viwili. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa mbali. Siku nyingi mtu wa kwanza kuzungumza naye ni mteja, na siku isiyo na mteja ndiyo hivyo tena, anakula mkate na chai, anazima taa.

Zamani kazi hii waliifanya wawili. Maliro alilala chini, na mke wake, Élise, alikaa juu kwenye bodi la pikapu akiwa na bidoni, dumu la oili, na mpira, akimimina. Oili ikianza kuchuruzika kwenye tundu, mume alisema "basi", mke akabana mpira. Majirani walicheka mwanzoni, eti mwanamke na oili ya pont wapi na wapi, kisha wakachoka wenyewe. Oili ya pont moja ikibadilishwa, mkononi hubaki dola kumi hivi, na Élise ndiye aliyejua namna ya kuzifanya zitoshe.

Siku hizi Maliro anafunga bidoni kwa kamba kwenye bodi, anateremsha mpira, anajilaza. Na oili ikifika mdomoni mwa tundu bado anasema "basi" kwa sauti. Mama Kavugho, jirani yake anayeuza mkaa, amemsikia mara nyingi.

"Anasemaka na mutu mwenye haiko," anasema mama huyo, wala hafanyi mzaha.

Élise alishuka Mutwanga mwaka jana, mvua zilipoanza, kumuuguza mama yake. Mama akafariki. Kwa Wanande, watu wa huku, mkwe hakosi kilio cha mama mkwe wake. Achelewe, watamsema. Aje mikono mitupu, watamcheka. Lakini kukosa kabisa, hapana, hilo halina jina.

Maliro alikosa. Toka Butembo hadi Mutwanga ni kama kilomita mia moja, na ukishapita Beni, katika barabara ya Kasindi, magari huenda kwa msafara pamoja na askari, kwa hofu ya waasi. Gari linaloharibika njiani huachwa nyuma. Yaliyoachwa, yakipatikana, huvutwa mpaka kwa mafundi, na Maliro ameziba matundu ya risasi kwenye milango zaidi ya anavyopenda kukumbuka. Moja lilifika kwake likiwa na kiatu cha mtoto chini ya kiti. Hakulala wiki nzima.

Basi akanunua mbuzi mnono, akamkabidhi Gamaliel, dereva wa pikapu hii hii, ampeleke msibani kwa niaba yake. Gamaliel alirudi na jibu la Élise, maneno machache tu: "Mbuzi ilifika. Mwenye mbuzi hakufikaka."

Tangu siku ile simu ya Élise huita mpaka inakatika. Gamaliel anasema kila safari amemwekea Maliro nafasi mbele, na kila safari fundi amepata neno. Mgongo unauma. Gari la paroko halijakwisha. Mvua. Mama Kavugho alimwambia wazi kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, naye akajibu kuwa anajua, akarudi chini ya gari.

Kujua, anajua. Anasema jioni ndiyo mbaya, anapoosha sahani moja. Wakati mwingine huiacha chafu ili kesho awe na kitu cha kuosha.

Gamaliel anapofika kuuliza hali ya gari, fundi anamwonyesha kidole chenye mawese. Dereva anatazama chini kama mwanafunzi aliyekamatwa, kisha anaeleza. Pont ilianza kuvuja akiwa Mutwanga. Oili ya gia haikupatikana, na msafara ulikuwa karibu kuondoka. Élise alipita akitoka sokoni, akauliza, akainama mwenyewe chini ya ekseli na kitenge chake. Akaondoka, akarudi na bidoni ya mawese.

"Aliniambia, tia hii, enda polepole, pumzika Beni ipoe," anasema Gamaliel. "Na mbele ya yote, nisipeleke gari kwa fundi mwingine. Akasema nisikuambie kitu, Papa Maliro. Ati utafungua weye mwenyewe."

Kule bondeni, kwenye joto, mawese ni maji. Huku juu, baada ya usiku mmoja wa baridi ya Butembo, yanashika kama sabuni. Élise amepika katika baridi hii karibu maisha yake yote ya ndoa. Alijua kwamba yatamfikia mumewe yakiwa yameganda, na kwamba hayatatoka bila moto wa jiko.

Maliro anakaa kwenye katoni, kizibo mkononi. Angeweza kusema pont lazima ishushwe yote, gari lilale wiki. Gamaliel asingebisha, na safari ya kesho ya Mutwanga ingekufa hapo hapo. Anakiri kwamba aliwaza hilo.

"Nilikuwa na sababu muzuri," anasema. "Tena ya kweli. Ni hiyo ilinitia haya."

Anaingia ndani, anatoka na mbabula, jiko la mkaa alilopikia Élise, lenye utando wa buibui. Mama Kavugho anamletea makaa, anakataa malipo. Moto ukishatulia na kubaki makaa mekundu, Maliro anausukuma chini ya pont na kungoja kando. Chuma kinapata joto pole pole. Harufu ya mawese inapanda, inajaza gereji, inaingia hadi nyumbani ambako hakujapikwa chakula cha maana kwa miezi. Fundi anageukia ukuta. Analia, na akigeuka tena hajifichi.

Anaondoa jiko ndipo anafungua kizibo cha chini. Mawese yanashuka mekundu, yakiwa na unga wa chuma ndani yake. Anaisuuza pont kwa mazutu, yaani dizeli, anaacha ikauke, anabadilisha sili iliyochakaa, anajaza oili mpya. Gamaliel amepanda kumimina, na anamimina ovyo hadi fundi anamwagikiwa oili shingoni. Hamgombezi.

Mchana ukungu umekwisha. Maliro ananawa kwa sabuni na mchanga, ingawa weusi wa kucha hautoki. Kesho asubuhi atapanda mbele, karibu na dereva, na funguo za gereji zitabaki kwa Mama Kavugho. Huko Mutwanga, anasema, hataingia uani. Mkwe aliyekosa kilio hukaa nje ya lupango, ua wa nyumba, kwenye vumbi au kwenye matope, mpaka watu wa nyumbani wamwite, na wakitaka kumwacha huko mpaka jua lizame, ni haki yao. Élise atakuwa ndani, akimwona.

Anaulizwa kama haogopi barabara, na itakuwaje mke akikataa kurudi. Anafikiri, akipangusa spana ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Njia naiogopa, sitadanganya," anasema. "Lakini akinikatala, anikatale nikiwa mbele ya macho yake."