Injini ya Kaka, Injini ya Dada

Juzi nilikuwa kwenye duka la vipuri hapa Tabora, nikisubiri plagi ya pikipiki yangu, walipoingia kaka na dada kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Walitaka injini ya boti mpya ya familia.

Muuzaji, mzee mwenye kanzu, akawaonyesha mbili: ya kabureta, na ya injekta inayoongozwa na kompyuta. Kaka akaweka mkono juu ya ile ya kabureta na hakuuondoa.

"Hii naijua. Ikizingua majini, naifungua, naisafisha, tunaondoka."

Dada alikuwa na mtoto mgongoni. Akamgeuza mbele taratibu, kaka amwone.

"Siku ile unanikimbiza hospitali uliifungua, kaka. Na mimi nikajifungua humo humo botini, wewe bado unapuliza kabureta."

Kaka akamshika mtoto kidole.

"Na hii ya kompyuta ikizima?" akauliza kwa sauti ya chini.

Dada akamgeukia muuzaji. "Mzee wangu, fundi wa hizi yupo?"

"Yupo uani, mwanangu. Kaka yako akitaka, atamfundisha."

"Basi tunachukua ya injekta. Mimi natangulia nyumbani. Kaka anabaki Tabora mpaka aijue."

Sisi wanaume, wasomaji wangu, huisifu mashine tunayojua kuitengeneza. Aliyewahi kuisubiri itengenezwe anatafuta sifa nyingine kabisa.

Kaka alikuna kichwa, akakunja mikono ya shati, akauliza njia ya kwenda uani.