Faudhia na Paswedi za Watu

Mimi ni fundi cherehani, kompyuta naionaga kwa jirani tu. Jirani mwenyewe ni Faudhia. Tumepanga fremu moja hapa Iringo: mimi na cherehani yangu mlangoni, yeye na kompyuta, printa na mashine ya fotokopi kule ndani. Nimeshinda naye miaka, kwa hiyo nikimsema simsingizii.

Kwao ni Bunda. Baba yake alikuwa seremala, mtu wa swala tano, na watu walikuwa wanamwachiaga funguo za nyumba zao wakisafiri ili awatengenezee makabati. Hajawahi kupoteza hata ufunguo mmoja. Faudhia hilo analitaja kila akipata nafasi, mpaka linachosha.

Kumbe na yeye amerithi. Mtu anakuja kufunguliwa imeli ya kuombea kazi, anaambiwa achague paswedi, anacheka. "Mimi nitaikumbuka wapi? Kaa nayo wewe." Basi Faudhia anaihifadhi humo humo kwenye kompyuta, na mtu akirudi anafunguliwa. Walimu, wavuvi, wajane wanaofuatilia mirathi, wote wanafanyaga hivyo. Mzee Ngolo wa Kamunyonge hata jina la imeli yake halijui. Anakaa kwenye kiti na kusema, "Nifungulie ile yangu."

Siku moja alikuja Sara, binti wa Butiama. Amesomea ualimu na amekaa nyumbani miaka akingoja ajira. Safari hii ameitwa kwenye usaili, anatakiwa aingie kwenye akaunti yake athibitishe kwamba atafika, na mwisho wa kuthibitisha ni siku hiyo hiyo. Furaha ilikuwa imemjaa, maskini.

Faudhia akamfungulia imeli, kisha akaandika anwani ya tovuti ya ajira. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaruka, ukaja wa kubeti. Akarudi nyuma, akaandika upya herufi kwa herufi. Safari hii ukaja mwekundu, na kompyuta ikaanza kupiga king'ora. Maandishi yakasema mashine ina virusi, usiizime, piga namba hii sasa hivi.

Sara alishatoa simu. "Dada Faudhia, nipige?"

"Weka simu chini." Sauti yenyewe sikuijua. Akainama chini ya meza akachomoa waya wa intaneti, kisha akaufunga ukurasa ule. King'ora kikakata. Mimi mguu wangu ulikuwa umeganda kwenye pedeli.

Akampigia Chrispin, fundi wa kompyuta aliyeko Bunda, akaweka sauti ya wazi tusikie wote.

"Umechomoa intaneti? Vizuri, dada. Hiyo namba ni ya matapeli, msiipige. Sasa fungua sehemu ya viongezo, vile vidude vinavyojipachikaga kwenye brauza. Kuna usichokijua?"

Faudhia akatafuta. "Kipo kimoja. Cha kugeuza PDF kuwa Word." Akamtazama Sara. "Nilikiweka mwenyewe wiki iliyopita. Mteja alikuwa na haraka, ikaniuliza niongeze, nikabonyeza ndiyo."

"Kitoe. Halafu rudisha mipangilio ya brauza kama ilivyokuwa mwanzo, uiache antivirus ikague mashine nzima. Usiikatize."

Kukagua kompyuta si kazi ya dakika mbili. Kile kimstari kilikuwa kinajaa polepole, Sara anakitazama, anatazama saa, anatazama mlango. Mimi niliharibu kola ya sare ya mtoto wa watu, nikaifumua, nikaiharibu tena. Mwisho ikaandika kwamba haikukuta kitu kingine.

"Alhamdulillahi," akasema Faudhia. "Chrispin, tumepona?"

"Mashine ndiyo imepona. Ila kidude kama hicho kinaonaga kila ukurasa unaofungua. Kimesoma paswedi za nani, siwezi kujua. Zibadilishwe zote, na kila mtu abadilishe kwenye simu yake."

Hapo ndipo rangi ilimtoka. Mashine ingenunuliwa nyingine. Lakini jina lake pale Iringo limejengwa na nini kama si zile paswedi?

Nikamvuta pembeni. "Nyamaza. Kidude umeshakitoa, nani atajua? Ukiwaambia watu, kesho hapa tutakaa mimi na wewe na nzi."

"Mama Matiko," akasema, "baba angepoteza ufunguo wa mtu, angemwambia au angengoja mwizi amwambie?"

Nikachukia. Huyo baba yake na funguo zake!

Akamgeukia Sara, akamweleza yote bila kupunguza, hata lile la kubonyeza ndiyo. Uso wa Sara ukabadilika. "Yaani kuna mtu anaweza kuwa ndani ya akaunti yangu? Leo?"

"Anaweza. Toa simu tuangalie."

Ile simu ya Sara kioo kimepasuka, inafungua kwa kusuasua. Wakatafuta sehemu inayoonyesha ni vifaa gani vimeingia kwenye imeli yake. Nilisimama nyuma yao. Ikatokea simu yake na kompyuta ya pale dukani, basi. Wakaiondoa kompyuta kwenye orodha.

"Sasa weka paswedi mpya," Faudhia akasema.

Sara akainuka, akamgeuzia mgongo. Akafunika simu kwa mtandio, akaandika.

Mle ndani hakuna mteja aliyewahi kumfanyia Faudhia hivyo. Faudhia akasema, "Hivyo hivyo. Uwe unafanyaga hivyo hivyo." Sara akaingia kwenye tovuti ya ajira, naye Faudhia alimsomea anwani tu, hakuigusa simu. Usaili ukathibitishwa. Binti akaondoka na ahsante moja ya haraka, na mimi ile ahsante iliniuma.

Faudhia hakulia. Akakaa, akaanza kuwapigia wengine. Wa kwanza alikuwa Mzee Ngolo.

"Baba, shikamoo. Ni Faudhia wa steshenari. Nimefanya kosa, paswedi yako inawezekana imeibiwa. Naomba uje na simu tuibadilishe."

"Marahaba. Aa, mwanangu, mimi nije kufanya nini? Badilisha wewe, halafu kaa nayo."

Hapo ndipo machozi yalimtoka, mbele ya mashine yake iliyopona. Aliisogeza simu mbali na mdomo ili mzee asisikie.

"Hapana, baba," akasema. "Njoo. Sitakaa nayo tena."