Alama ya Penseli Katika Malaki

Kila Jumapili asubuhi kipaza sauti cha kanisa la jirani, huku Buruburu ninakoishi sasa, hukwaruza kwanza, kisha sauti ya mhubiri hunifikia hadi jikoni: "Soma!" Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, hushtuka nikaweka kikombe chini. Mnisamehe nikianza na karaha, lakini ndiyo iliyonibakia.

Nilikuwa msomaji wa Pasta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi mtaa wa Huruma, na kanisa letu lilikuwa la mabati. Sakafu ya udongo ilinyunyiziwa maji kabla ya ibada ili vumbi lisipande, basi tuliomba na kuimba katika harufu ya mvua. Mnaoyajua makanisa ya namna hiyo mnajua utaratibu: mhubiri hasomi mwenyewe. Yeye hutembea, hujifuta jasho, hupaza sauti "Soma!" na msomaji akasoma kipande. Akisema "Hapo!" unanyamaza, naye anaanza kufafanua. Nilikuwa na sauti kali isiyokwama, na kina mama walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Kabla ya ibada Pasta alinikabidhi Biblia yake ikiwa na alama za penseli, hapa anzia, hapa ishia.

"Usiniongezee hata neno moja, mwanangu," aliniambia. Nilidhani ni kwa ajili ya muda.

Mwaka huo Anti Rispa, dada mkubwa wa mama, alikuja kwetu na mfuko mmoja wa nguo na taya lililovimba. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa kukaa mbele na suti yake ya kahawia. Anti alilala kitandani kwangu wiki tatu, akinukia dawa ya kuchua. Mama hakumung'unya maneno. "Ukirudi kwa huyo mwanaume, dada, tutakuzika." Anti akakubali kubaki. Alishaanza hata kuuza mandazi pale chini ya ploti, jengo letu la kupanga, na jioni nilimsikia akicheka na wateja.

Jumapili ya nne, alama ilikuwa kwenye Malaki, sura ya pili. "Soma!" Nikasoma pale Mungu anaposema kwamba anachukia kuachana. "Hapo!" Palikuwa na koma tu. Macho yangu yalikuwa yameshavuka: sentensi ile ile iliendelea, ikasema anamchukia pia mtu wa udhalimu. Na mistari ya juu, ambayo sikuagizwa kuisoma, ilikuwa ikiwakaripia wanaume, wanaume watupu, kwa kuwatendea hiana wake wa ujana wao. Nikafungua mdomo niendelee. Pasta akaweka kiganja chenye jasho juu ya ukurasa.

"Nimesema hapo."

Nikanyamaza.

"Kuna mtu ako hapa, Mungu anachukia kile anafanya," Pasta akasema bila kutaja jina, na kanisa zima likageuka kumtazama Anti. "Mama, shetani asikudanganye. Simama urudi kwa bwanako."

Anti aliacha shule darasa la tatu ili awalee wadogo zake, mama akiwemo. Neno likishatoka kwenye Biblia, kwake hapakuwa na mjadala. Akasimama. Mama akamshika sketi, naye akajinasua polepole. Pasta akaunganisha mikono yao mbele ya watu, vigelegele vikalia, na yule mzee akatabasamu kama bwana harusi. Mimi nikapewa soda. Niliinywa yote.

Kabla shule hazijafungwa, ngumi ya mzee wa kanisa iliua sikio la kushoto la Anti. Safari hii alirudi kwetu asiondoke tena. Mama alipomwendea Pasta, alijibiwa kwamba yeye hakutunga Biblia, alihubiri tu kile kilichosomwa. Kilichosomwa na mimi, yaani.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba Pasta hakujua, kwamba alikuwa mtu wa elimu ndogo na bidii nyingi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa jambo ambalo mtoto hakuliona: huwezi kutia penseli kwenye koma kama hujasoma kinachofuata. Alisoma. Akapima mahali pa kukata, kisha akatafuta sauti ya mtoto ambayo hakuna mtu angeishuku. Karaha niliyoanza nayo ndiyo hiyo, na sehemu yake najielekezea mwenyewe, kwa sababu nilipenda kusifiwa.

Mwaka jana nilimsomea Anti sura nzima. Alikuwa akichambua mboga, amenigeuzia sikio la kulia. Nilipomaliza, mikono yake ilitulia.

"Hiyo yote ilikuwa hapo siku hiyo?"

"Ilikuwa hapo, Anti."

"Na uliiona?"

"Niliiona. Niliogopa Pasta."

Akaokota jani lingine, akalitazama pande zote mbili.

"Mimi ningekuamini wewe," akasema.