Fainali na Maharage ya Brigita

Brigita, mjane wa Mutuka, alimfuatilia kwenye runinga bingwa wa kucheza dansi juu ya barafu tangu shindano la kwanza la msimu. Siku ya fainali tulikwenda kumpuria maharage, chakula chake cha mwaka. Tulikuwa wazee wanne. Zamani tungejaa uwanja. Kwa desturi mwenye shamba hupiga fimbo ya kwanza, tukamwita.

“Mama Irine, toka! Mvua hiyo!”

“Shikamooni wazee. Subirini, zamu ya bingwa wangu imefika!”

Tukasubiri, hakutoka, tukaondoka bila kuinua fimbo. Bingwa alianguka, Brigita akamlilia kama mwanawe. Mvua ilinyesha siku tatu, maharage yakaota ndani ya maganda. Sasa Irine ameacha shule, analima vibarua huko Bonga ili mama yake ale.